Likate neno: Mwongozo kamili wa kujifunza msamiati wa Kiingereza kwa mizizi ya Kilatini na Kigiriki

Muhula uliopita kijana mmoja wa S.2, mwaka wa pili wa sekondari, alinijia jioni hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, na karatasi ya maneno thelathini ya biolojia. Alikuwa ameyakariri siku mbili, na bado *gastritis* na *hepatitis* zilikuwa zinamchanganya; akiulizwa ugonjwa wa ini anataja wa tumbo. Nikachukua rula nikafunika mikia ya maneno matano. Yakabaki *gastr*, *hepat*, *arthr*, *rhin* na *dermat*. Nikamwambia mkia niliouficha ni mmoja, *-itis*, na kazi yake ni kusema kwamba kitu kimevimba na kinauma. Kilichobaki ni jina la hicho kitu kwa Kigiriki: tumbo, ini, kiungo cha mifupa, pua, ngozi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwalimu, basi *tonsillitis* ndiyo mafindofindo?"

Neno hilo halikuwa kwenye karatasi yake. Alilisikia kliniki mdogo wake alipougua koo.

Wanafunzi wangu wengi ni watu wa Kiswahili: madereva wa malori, akina mama wanaouza vitenge, watoto waliokulia kambi za askari, majirani waliotoka Kongo. Wengi wanaamini kwamba maneno marefu ya Kiingereza ni ya kumeza mazima kama vidonge. Nimeona hasara ya imani hiyo kwa watoto wenye akili nzuri kabisa, na inaniuma, kwa sababu mtu anayeongea lugha ya Kibantu ameshazoea kukata maneno tangu utotoni. Kinachomkosesha ni kuonyeshwa tu kwamba Kiingereza nacho kinakatika.

Kwanza ujue ni maneno gani yanakatika

Kiingereza kina maghala mawili. La kwanza ni la nyumbani, lililotokana na makabila ya Kijerumani yaliyohamia Uingereza: *eat*, *water*, *house*, *go*, *mother*. Ni maneno mafupi, na mizizi ya Kilatini haitakusaidia hapo. La pili lilijazwa kwa awamu. Mwaka 597 wamisionari kutoka Roma walifika Kent na Kilatini cha kanisa. Mwaka 1066 William wa Normandy akaiteka nchi, na Kifaransa, ambacho ni mtoto wa Kilatini, kikawa lugha ya ikulu na mahakama. Baadaye wasomi na wanasayansi wakachota Kilatini na Kigiriki moja kwa moja kila walipohitaji jina la kitu kipya. Zaidi ya nusu ya maneno yaliyomo kwenye kamusi ya Kiingereza yametoka huko.

Ndiyo maana mtu anaweza kununua nyanya sokoni kwa Kiingereza bila shida, halafu akakwama kwenye fomu ya forodha au kitabu cha S.1. Sokoni anatumia ghala la kwanza. Fomu imeandikwa kwa la pili. Basi ukikutana na neno fupi la kila siku, lijifunze lilivyo. Ukikutana na refu la darasani, ofisini au hospitalini, toa kisu.

Hatua ya kwanza: anza kukata Kiswahili chako

Usifungue kitabu cha Kiingereza bado. Andika *hawakusomeshwa* kisha ulikate: ha-wa-ku-som-esh-w-a. Mzizi ni *som*. Vingine vyote ni viambishi: nani, lini, ndiyo au hapana, nani kamsababishia nani. Kwa mzizi huo huo una msomi, somo, masomo, kisomo, usomaji, someka. Anayejua Luganda ana *okusoma* na *omusomesa*. Fanya hivyo kwa *lim*: lima, mkulima, kilimo, na kwa Luganda *okulima*, *omulimi*, *ennimiro*.

Sasa andika *agriculture* chini yake. *Agri* ni shamba, *cultur* ni kulima na kutunza. Badilisha kichwa: *api* ni nyuki, ukapata *apiculture*, ufugaji wa nyuki. *Aqua* ni maji, ukapata *aquaculture*, ufugaji wa samaki na viumbe wengine wa majini. *Horti* ni bustani. Hujakariri chochote, umebadilisha kichwa tu.

Kuna jambo jingine ambalo huwa nalisema mapema, maana huwapa watu moyo. Kigiriki na Kilatini viko kinywani mwako tayari, vingi vikiwa vimepitia Kiarabu. Kalamu ilianza na *kalamos* ya Kigiriki, yaani tete, kwa sababu watu waliandika kwa tete lililochongwa. Kanuni ni *kanon*. Falsafa ni *philosophia*, kupenda hekima. Muislamu anayetaja Sirati anataja neno lililotokana na *strata* ya Kilatini, njia iliyotandikwa, na hapo hapo ndipo Waingereza walipopata *street*. Daftari lilitokana na *diphthera*, ngozi, enzi za kuandika juu ya ngozi. Ukiangalia kadi ya chanjo ya mtoto utakuta *diphtheria*, dondakoo. Ni neno lile lile, kwa sababu ugonjwa huo huota utando kama ngozi kooni.

Na Mkatoliki anayekwenda misa kila Jumapili anabeba mzizi wenye uzao mkubwa. Misa ni *missa*, na *missa* inatokana na *mittere*, kutuma, kwa sababu mwishoni padri alikuwa akisema *Ite, missa est*, nendeni, mmeruhusiwa. Kutokana na *mit* na *miss* tuna *mission*, kutumwa, *missionary*, aliyetumwa, *dismiss*, kumwambia mtu aende zake, *submit*, kupeleka kitu chini ya mkono wa mkubwa, *transmit*, kupeleka ng'ambo, *permit*, kuacha kipite. Mama mmoja wa kwaya aliniambia ameimba misa miaka ishirini na hakuwahi kujua kwamba *permit* ya lori la mumewe ni ndugu yake.

Hatua ya pili: daftari la mizizi

Nunua kauntabuku, la kurasa 96 linatosha. Ukurasa mmoja mzizi mmoja. Andika mzizi katikati kwa herufi kubwa na maana yake kwa Kiswahili, halafu chora matawi. Usipange maneno kwa alfabeti. Alfabeti inatenganisha ndugu, *import* inakwenda I na *export* inakwenda E, nawe unataka uyaone kwa jicho moja.

Huu ni ukurasa wangu wa *port*, kubeba. *Import*, kubeba kuingiza ndani. *Export*, kubeba kutoa nje. *Transport*, kubeba kuvusha. *Portable*, inayobebeka. *Porter*, mpagazi. *Deport*, kumwondoa mtu nchini. *Report*, kurudisha habari, yaani kuibeba nyuma ulikotoka. *Support*, kubeba kutokea chini, kama nguzo inavyobeba paa.

Chini kabisa ya ukurasa nimepiga mstari na kuandika *passport* na *airport* na alama ya kuuliza. Hizo zinatokana na neno jingine la Kilatini, *portus*, bandari. Kila ukurasa wako uwe na sehemu kama hiyo ya wageni wanaofanana na wenyeji. Daftari lisilo na mashaka ndilo linalopotosha.

Hatua ya tatu: chagua mizizi ya kazi yako

Mitandaoni utakuta orodha za mizizi mia mbili au mia tatu. Ziache. Chukua mitano kwa wiki, na ichaguliwe na maisha yako.

Mfanyabiashara au dereva: *port*, *mit*, *duc* (kuongoza: *produce*, *reduce*, *conductor*, ndiye konda wa taksi), *trans* (kuvuka), *ex* (nje). Neno *transit* linaloandikwa kwenye mizigo ya Kigali na Juba ni *trans* na *it*, kwenda: linakwenda likivuka, halishuki hapa.

Muuguzi au mhudumu wa afya: *-itis* tuliyoiona, *haem* au *hem* (damu), *cardi* (moyo), *hyper* (kupita kiasi), *hypo* (chini ya kiasi). Hizi mbili za mwisho zisomwe kwa uangalifu wa hali ya juu, sauti zake zinakaribiana na maana zake ni kinyume. *Hyperglycaemia* ni sukari ya damu iliyopanda, *hypoglycaemia* ni iliyoshuka, na mgonjwa wa kisukari anatibiwa tofauti kabisa kwa kila hali.

Mwanafunzi wa sekondari: *bio* (uhai), *geo* (ardhi), *hydro* (maji), *photo* (mwanga), *therm* (joto), *metr* (kupima), *graph* (kuandika, kuchora), *log* (neno, elimu). Minane hii inazaana yenyewe kwa yenyewe. Bwawa la Owen Falls pale Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954 na sasa linaitwa Nalubaale, huzalisha umeme wa maji, na *hydroelectric* inasema hivyo hivyo.

Kwa mwanafunzi naongeza *equ*, sawa, kwa sababu mfano wake uko barabarani. Ukitoka Kampala kwenda Masaka, pale Kayabwe kuna duara nyeupe watu wanapopigia picha: Ikweta, *equator*, mstari unaoigawa dunia sawa kwa sawa. Mwalimu wa hesabu akiandika *equation* ubaoni anakuambia pande mbili ni sawa. *Equal* ni sawa. *Equivalent* ni wenye thamani sawa. *Equinox*, Machi na Septemba, ni usiku kulingana na mchana, kwa kuwa *nox* ni usiku. Watoto wamenikariria ufafanuzi wa *equator* neno kwa neno bila kujua kwamba umo ndani ya jina lenyewe. Mgeni wa ukurasa huu ni *equine*, ya farasi. Farasi kwa Kilatini ni *equus*, haihusiani na usawa.

Hatua ya nne: viambishi vinavyobadili sura

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na hapa ndipo Mswahili ana faida ambayo Mwingereza mwenyewe hana.

Kwa nini tunasema nyumba *ndefu* na siyo *nrefu*? Kwa nini njia *mbaya* na siyo *nbaya*? Kwa nini ulimi mmoja lakini *ndimi* mbili? Kwa sababu *n* inapokutana na *b*, midomo imeshaanza kufunga, basi *n* inageuka *m*. Inapokutana na *r* au *l*, ulimi unagonga na *d* inazaliwa. Hakuna aliyekufundisha hilo. Kinywa kinatafuta wepesi.

Warumi walikuwa na vinywa kama vyetu. Kiambishi *in-* cha kukanusha kikikutana na *possible* kinakuwa *impossible*. Kikikutana na *legal* kinakuwa *illegal*, na *regular* inakuwa *irregular*. *Com-*, pamoja, ikikutana na *rupt*, kuvunja, inakuwa *corrupt*, iliyovunjika kabisa. *Sub-* ikikutana na *port* inakuwa *support*. *Ad-*, kuelekea, ndiyo inayojificha kuliko zote: *accept*, *attract*, *appear*, *assist*.

Faida yake ni mbili. Utautambua mzizi hata kiambishi kikibadilisha nguo. Na utajua kwa nini kuna herufi mbili zinazofanana, jambo linalokula alama nyingi kwenye imla. *Accommodate* ina *c* mbili kwa sababu ni *ad* na *com* zimegongana, na *m* mbili kwa sababu *com* imekutana na *mod*. Ac-com-mod-ate. Sijawahi kuona mtu aliyelikata hivyo akalikosea tena.

Onyo moja zito. *In-* ni viambishi viwili vyenye sura moja. Cha kwanza kinakanusha: *incorrect*, *invisible*. Cha pili maana yake ni kuingia ndani: *import*, *inspect*. Malori ya mafuta yanayopita mpakani hapa, ukikuta yameandikwa *inflammable*, hiyo ni *in-* ya pili, kuingia motoni, kushika moto upesi. Anayeisoma kama ya kukanusha ataelewa kwamba mzigo hauwaki. Mfundishe mtoto wako neno hili leo hii.

Hatua ya tano: kukata ukiwa unasoma

Utaratibu wangu ni mkia, kichwa, mzizi, sentensi.

Mkia unakuambia neno ni la aina gani. *-tion* na *-ment* ni jina la tendo au matokeo yake. *-er*, *-or* na *-ist* ni mtendaji, kama *m-* na *-i* kwenye mpishi. *-able* na *-ible* ni kauli yetu ya kutendeka: *portable*, inabebeka, *visible*, inaonekana. Kisha angalia kichwa, kisha mzizi. Halafu, na hili ni la lazima, rudi kwenye sentensi uone kama maana uliyopata inakaa. Mzizi unaonyesha njia, lakini sentensi ndiyo inayothibitisha.

Tufanye moja pamoja. Kitabu cha jiografia kinasema Entebbe iko kwenye *peninsula*. Mwanzo ni *pen*, kutoka *paene*, karibu au nusura. Kinachofuata ni *insula*, kisiwa. Nusura kiwe kisiwa: nchi kavu iliyozungukwa na maji karibu pande zote, ila shingo moja inayoiunganisha na bara. Rasi, kwa Kiswahili. Ukiangalia ramani ya Ziwa Victoria, Entebbe ndivyo ilivyo, na Ssese upande wa pili ni visiwa kamili.

Ukishakishika kisiwa hicho, nenda nacho mbele. Fundi umeme anavalisha waya plastiki ili iwe *insulated*: ameufanya waya uwe kisiwa, usiguse kitu. Na *insulin*, dawa ya kisukari, inaitwa hivyo kwa sababu mwilini hutengenezwa na vikundi vya seli vilivyotawanyika ndani ya kongosho kama visiwa. Waya, dawa na Entebbe ukurasa mmoja. Lakini *island* yenyewe haimo! Ni neno la nyumbani la Kiingereza, na ile *s* isiyotamkwa ilichomekwa baadaye kwa kuiga *isle*, ambayo ndiyo mtoto wa kweli wa *insula*.

Hatua ya sita: tumia mzizi kusahihisha tahajia

Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo tahajia ya Kiingereza inatuonea. Lakini Kigiriki kinaacha alama. Sauti *f* ikiandikwa *ph*, karibu kila mara neno ni la Kigiriki: *photo*, *graph*, *phone*. Sauti *k* ikiandikwa *ch*, vivyo hivyo: *chemistry*, *stomach*, *school*. *Ps* mwanzoni yenye *p* bubu: *psychology*. *Rh*: *rhinoceros*, ambayo ni *rhino*, pua, na *ceros*, pembe. Kifaru, mwenye pembe puani! Na *rhin* hiyo ndiyo ile ya *rhinitis* chini ya rula yangu. Jirani yake *hippopotamus* ni *hippo*, farasi, na *potamus*, mto. Wagiriki walimwona kiboko kama farasi wa mtoni. Mwanafunzi aliyewahi kuona viboko wa Kazinga huwa anabisha jina hilo, na kubisha kwenyewe kunamfanya asilisahau.

Herufi bubu za Kilatini nazo huongea kwenye neno la ndugu. Hukumbuki *g* ya *sign*? Sema *signature*. Huna uhakika na *c* ya *muscle*? Sema *muscular*.

Hatua ya saba: kurudia

Kata manila vipande vya ukubwa wa kadi ya simu. Mbele mzizi, nyuma maana na maneno matatu. Jipime siku ya kwanza, ya tatu, ya saba, kisha baada ya mwezi. Zile ulizokosa zirudi mwanzo. Kila wiki tunga sentensi tano zako mwenyewe na mtu mwingine azisome, kwa sababu kujua maana ya neno na kujua kulitumia ni mambo mawili.

Pale mzizi unapodanganya

*Ped* ya Kilatini ni mguu: *pedal*, *pedestrian*. *Paed* ya Kigiriki ni mtoto, na wengi huiandika *ped* pia: *paediatrics*, tiba ya watoto. Ukiichanganya, utampeleka mwenye mguu uliovunjika wodi ya watoto.

Maana nayo huhama. Kila mwanafunzi wa P.7, darasa la saba, anaitwa *candidate*, na wagombea ubunge pia. *Candidus* ni nyeupe inayong'aa. Roma ya kale waliotafuta vyeo walivaa joho lililopakwa chokaa. *Candle*, mshumaa, ni wa ukoo huo huo. Mzizi unakueleza neno lilikotoka, lakini usingekuambia kwamba leo ni mtahiniwa. Kwa hiyo hakikisha. Kamusi nzuri huonyesha asili ya neno kwa kifupisho kama L kwa Kilatini, Gk kwa Kigiriki, OE kwa Kiingereza cha kale. Kwenye simu, tovuti ya Merriam-Webster inaonyesha bure. Isipoonyesha mzizi uliokisia, futa ulichoandika.

Ujipime

Ziba majibu kwa mkono. Kata: *thermometer*, *biography*, *interrupt*, *manuscript*, *hypothermia*, *omnivore*.

Joto na kupima, kipimajoto. Uhai na kuandika, maisha ya mtu yaliyoandikwa. *Inter*, katikati, na kuvunja: kukatiza mtu anapoongea. *Manu*, mkono, na *script*, kuandika: mswada, zamani ulioandikwa kwa mkono. Chini ya kiasi na joto: mwili uliopoa kupita kiasi. *Omni*, vyote, na *vor*, kumeza: mnyama anayekula mimea na nyama pia. Hili la mwisho likikushinda siyo neno, wenzake wamo kwenye kitabu cha sayansi: badilisha *omni* uweke *carni*, nyama, kisha *herbi*, majani.

Yule kijana wa S.2 nilimpa haya sita wiki iliyofuata. Alikosa *manuscript*, akaenda kufungua ukurasa mpya wa *manu*, na aliporudi alikuwa ameshaandika *manual* na *manufacture* na mbele ya *woman* ameweka alama ya kuuliza. Alikuwa sahihi kuiweka. *Woman* ni neno la nyumbani.